Barua ya wazi: Cheti mnachokidai kililiwa na mchwa

Kwa Waziri wa Ulinzi na Masuala ya Maveterani, kwa wabunge wa Jinja, kwa makarani wanaokaa kwenye madirisha ya wajane, na nakala kwa Ubalozi wa Uingereza, Kampala.

Waheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili. Atakayeshindwa kunisoma amwite mlinzi wake wa getini amsomee, maana askari wa nchi hii wanakijua. Kiingereza ninacho, nimekifundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, lakini mtu ninayemzungumzia hapa alichumbia kwa Kiswahili, alitukemea kwa Kiswahili na alikufa akiomba maji kwa Kiswahili. Habari zake zikisimuliwa kwa lugha nyingine huwa kama zimevaa viatu vya kuazima.

Shida yenyewe ni fupi. Mama yangu, mjane wa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, aliyepigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia, amekwenda mara nne katika ofisi moja ambayo siitaji. Anaomba kuandikishwa katika orodha ya wajane wa askari wa zamani. Mara zote nne amerudishwa akalete cheti cha mumewe cha kuachishwa jeshi, ile karatasi ambayo wazee wenyewe waliiita dischaji. Mama hana dischaji. Ilikuwepo. Nataka kuwaeleza ilikwenda wapi, kwa sababu kila mara karani anapouliza "iko wapi?" huuliza huku anatazama saa, na jibu la swali hilo halitoshi kwenye dakika mbili.

Mtaani kwetu Walukuba, hapa Jinja, baba aliitwa Mzee Keya. Keya ni KAR ilivyotoka vinywani mwa wazee wetu. King's African Rifles, kwa ninyi mliozaliwa juzi. Alikuwa Mwacholi wa upande wa Kitgum. Tarehe ya kuzaliwa hakuwa nayo. Alisema nzige walipokuja yeye alikuwa tayari anachunga mbuzi, na mwaka 1941 mwandikishaji wa jeshi alimtazama meno, akampima kifua, akaandika miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo akawa na umri wa serikali, na alikuwa akiutaja hivyo hivyo: "Kwa umri wa serikali nina miaka sitini, kwa umri wa mama yangu, sijui."

Mnisamehe nikianza na nyumbani. Ninyi mnamtaka askari, lakini sisi tulimpata baba kwanza.

Tulizaliwa tisa, tukakua saba. Kila jioni, kabla ya chakula, baba alisimama mlangoni akaita neno moja: "Foleni!" Tukajipanga kwa kimo, mikono mbele, kucha juu, naye anapita na birika la maji akikagua mmoja mmoja kama jenerali aliyekosa jeshi la maana zaidi. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba neno hilo, ambalo leo Afrika Mashariki nzima inalitumia benki na hospitalini, lilizaliwa kwenye gwaride la Waingereza, kutokana na amri yao ya kuwapanga askari mstari. Mwenye kucha chafu alipelekwa korokoroni, yaani nyuma ya jiko, akahesabu hadi mia. Nalo hilo ni neno la kambini. Mtoto akianza kulia huko nyuma, mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kumwangalia, akijifanya amefuata kuni.

Alikuwa mkali wa sauti tu. Kofi lake silikumbuki. Ninachokumbuka ni usiku wa Jumapili, yeye juu ya kigoda na pasi ya makaa, akinyoosha sare zetu zote za shule kwa ajili ya wiki. Hakukubali mama aziguse, kwa maana mikunjo ya mama, alisema, ilikuwa na kona kama barabara ya kupanda Kapchorwa. Wanaume wa mtaani walimcheka. Mwanamume mzima kupiga pasi gauni la binti? Akawajibu kwamba huko alikofundishwa kazi, kila mtu alikuwa mke wa nafsi yake. Wakacheka zaidi. Miaka ya baadaye nikawaona wawili kati yao wakija kuazima pasi.

Mama ni Msoga. Walikutana mwaka 1952, bwawa la Owen Falls likijengwa, hili ambalo sasa umeme wake tunauita wa Nalubaale. Baba alikuwa nyapara wa genge la wamwaga zege. Mama, msichana wa miaka kumi na saba, aliwauzia vibarua viazi vitamu vya kuchemsha kwenye ungo. Baba hakujua Kisoga. Mama hakujua Kiacholi. Kilichokuwepo baina yao ni Kiswahili cha kambini upande huu na Kiswahili cha sokoni upande ule, vyote viwili vibovu, na katika ubovu huo wakaelewana hadi kanisani. Mama anasema sentensi ya kwanza aliyoambiwa na baba ilikuwa amri: "Kesho leta kumi." Akaleta viazi kumi. Baba akavinunua vyote, akawagawia vibarua, akabaki na njaa. Kesho yake: "Leta ishirini." Bibi yangu mzaa mama alipoona biashara inakua ghafla namna ile, akaenda mwenyewe kutazama mnunuzi ni nani.

Najua mjini Kampala wapo wanaosema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Kwetu kilikuwa lugha ya viazi.

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth alikuja kulifungua bwawa. Wazazi wangu walikuwa katika umati, mama ana mimba ya kaka yetu mkubwa, baba amevaa suti ya kaki na medali yake ya vita, nyota ya Burma, kifuani. Askari waliokuwa wakizuia watu walipoiona ile nyota wakamsogeza mbele na mkewe. Hakuna aliyemuuliza karatasi siku hiyo.

Sasa vita. Baba hakuvisimulia kwa mpangilio; vilimtoka vipande vipande, hasa mvua zikiwa kubwa. Alikuwa batalioni ya nne, ile ya Uganda, katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Walipelekwa kwanza Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakafundishwa vita vya msituni. Katikati ya mwaka 1944 wakaingizwa Burma, kwenye bonde la Kabaw, kuwafuata Wajapani waliokuwa wanarudi nyuma, na wakaingizwa mvua za masika za kule zikiwa zimepamba moto. Ruba walipenya kwenye matundu ya kamba za viatu. Nyumbu wa mizigo walizama matopeni wakiwa wamesimama, na askari wakaitandika njia kwa magogo, kilomita baada ya kilomita, ili magari yapite. Baba alisema hofu yake haikuwa risasi, kwa sababu risasi ikilia imeshapita. Alichokiogopa ni ndege wa msituni walipoacha kuimba.

Mwezi Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na wahandisi wakatandaza daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi elfu moja. Baba alilitaja daraja lile kuliko alivyotaja mapigano. Nadhani ndilo lililompa kazi Jinja: mhandisi wa Owen Falls alipomuuliza kama anaogopa maji, alimjibu kwamba amewahi kutembea juu ya mto mkubwa uliokuwa unatikisika chini ya miguu yake.

Huko huko Burma ndiko alikojifunza kusoma. Sajini mmoja wa Tanganyika alimwandikia herufi kwa mkaa kwenye kifuniko cha sanduku la mgao wa chakula. Hadi anazeeka, herufi kubwa za baba zilikuwa na pembe kali, kama zimechongwa kwenye mbao.

Kuna jambo jingine alilonisimulia mara moja tu. Alikuwa na rafiki aliyechunga naye mbuzi utotoni, wakajiandikisha siku moja, mmoja akapelekwa kwenye askari wa miguu, mwingine kwenye mizinga. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, mamia kwa mamia wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na rafiki wa baba alikuwa mmoja wao. Mwaka 1998 nilipata safari ya Nairobi, nikaenda makaburi ya vita ya Ngong Road, ambako kuna mnara wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi. Nikatafuta jina ukutani kwa kidole, safu baada ya safu, hadi nikalipata. Nikaweka karatasi juu yake, nikaisugua kwa penseli, jina likatokea jeupe. Nikamletea mzee.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akasema: "Huyu yupo."

Mimi nilidhani anamlilia rafiki. Imenichukua miaka mingi, na safari nne za mama kwenye lile dirisha, kuelewa kwamba alikuwa anajisemea yeye mwenyewe. Aliyezama ameandikwa kwenye jiwe, na jiwe linasuguliwa na kumwagiliwa maua. Aliyerudi akajenga bwawa, akafanya kazi kiwanda cha nguo cha Nyanza hadi mgongo ukapinda, akasomesha watoto saba, hayumo katika daftari lolote ambalo mjane wake anaweza kuonyeshwa.

Basi dischaji ilikwenda wapi.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi. Naye alikuwa keya. Alijiunga mwaka 1946, vita vimekwisha, ingawa alipenda watu waamini kwamba Burma aliifika. Baba alisikia majigambo hayo redioni, akauliza taratibu, mlango umefungwa: "Burma alikwenda lini huyu?" Hilo ndilo neno la mwisho la siasa nililomsikia akilisema kwa miaka minane. Mwaka ule ule askari Waacholi na Walango walianza kuuawa ndani ya kambi zao, na kambi ya Jinja ilikuwa mojawapo. Habari zilitufikia Walukuba kabla ya redio kuamua kunyamaza. Kisha wakaanza kuulizwa hata waliotoka jeshini zamani, mradi jina lao ni la kaskazini.

Usiku mmoja alikuja jirani yetu Mnubi, mtu ambaye ndugu zake walikuwa ndani ya lile jeshi. Jina lake ningelitaja kwa heshima, ila sina ruhusa ya wanawe. Hakukaa. Alisema: "Afande, kama una karatasi yoyote ya jeshi, isilale humu."

Baba alikuwa na bati la biskuti. Ndani yake kulikuwa na dischaji, kijitabu cha mshahara, picha ya platuni yao iliyopigwa Colombo, na ile nyota. Alfajiri mama alilitia chini ya kapu, akafunika kwa sukari, chumvi na miche ya sabuni, kama mtu anayepeleka mahitaji kijijini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikachukuliwa kwa sababu mwanamke mwenye mtoto hatiliwi shaka sana. Tukapanda basi la Kamuli.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Tulishushwa sote. Askari kijana alitia mkono kapuni, akatoa pakiti ya chumvi, akaipima kiganjani, akauliza kwa Kiswahili kama mama anakwenda kuuza. Mama akajibu kwa Kiswahili kile kile cha baba, kifua mbele: "Hapana, afande. Napeleka kwa mama yangu, ni mgonjwa." Kijana akairudisha chumvi. Hadi leo mama anaamini ni lile neno afande, lilivyotamkwa sawasawa, lililotuokoa. Mimi nadhani yule kijana hakuhitaji chumvi tu. Lakini sijawahi kubishana naye juu ya hilo, na sitaanza sasa.

Bati lilizikwa usiku chini ya mbuni, mti wa kahawa wa bibi. Baba akanyoa masharubu yake ya ukoplo, akawa anakwenda kiwandani kwa njia za nyuma na kurudi kabla ya giza. Foleni iliendelea kila jioni, ila amri sasa ilitolewa kwa kunong'ona, nasi tulidhani ni mchezo mpya.

Mwezi Aprili 1979, Jinja ilipokombolewa, tulikwenda kufukua. Bibi alikuwa ameshafariki, lakini mbuni ulikuwepo. Bati lilikuwa limetoboka kwa kutu. Ndani, mahali pa kijitabu, mlikuwa na udongo wa mchwa uliokaa kwa umbo la kijitabu, kurasa na yote, ulipougusa ukaporomoka. Ya picha ilibaki pembe moja, magoti ya wanaume watatu waliokaa. Nyota ilikuwa nzima. Baba alicheka, kicheko kikubwa cha kweli. Halafu akaenda nyuma ya nyumba na hatukumwona hadi jioni.

Ndiyo hiyo dischaji, mheshimiwa karani. Imo ndani ya udongo wa Busoga.

Safari ya kwanza ya mama ilikuwa 2019. Mwaka mmoja kabla, Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa askari wake wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao wanaoishi katika umaskini, ili wapate japo milo miwili kwa siku. Tulisikia redioni. Naomba hapa nieleweke: mama hana njaa. Ana watoto, ana wajukuu, matoke na karanga zinaingia jikoni kila wiki. Alichokitaka ni kitu ambacho sikukielewa hadi aliposema mwenyewe: "Nataka waandike jina la mzee. Wakishaandika, hela wampe mwingine."

Safari ya kwanza aliambiwa alete dischaji. Ya pili aliambiwa, basi alete namba ya jeshi. Namba anayo kichwani. Sisi sote tunayo. Tukicheza kujificha, tuliitumia badala ya kuhesabu hadi kumi. (Siiandiki hapa. Matapeli wanaojiita mawakala wa fidia za wazee husoma barua kama hizi kwa makini kuliko wanaoandikiwa.) Mama akaitamka pale dirishani, mara moja, haraka, kama alivyofundishwa. Karani akasema namba ya mdomoni si ushahidi. Safari ya tatu akaenda na nyota. Karani akaigeuza nyuma, akasema haina jina. Kweli haina, nyota ile Waingereza hawakuichonga jina la baba. Akasema kitu kama hiki mtu anaweza kukinunua. Kweli pia. Mama akaifunga tena kwenye leso.

Safari ya nne aliambiwa mhusika aje mwenyewe kwa ajili ya uhakiki.

Baba alifariki mwaka 2006. Mama alimtazama yule kijana, akajibu kwa adabu: "Nitamwambia."

Karani akaandika kitu kwenye kitabu chake. Natamani sana kujua aliandika nini.

Fomu zote alizopewa zilikuwa za Kiingereza. Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata siku yenyewe ya jeshi letu, kila Februari, tunaiita Tarehe Sita, na hakuna anayeitafsiri. Kama kuna watu Uganda hii ambao fomu ya Kiswahili iliwastahili mapema kuliko wote, ni wajane wa keya. Mama alitia dole gumba chini ya sentensi asizozielewa, yeye ambaye Kiswahili anakisoma vizuri kabisa, kwa kuwa mumewe alimfundisha.

Kwa ninyi wa Ubalozi wa Uingereza nina maneno machache tu. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifukua hati inayoonyesha kwamba askari Mwafrika alilipwa kiinua mgongo cha vita karibu theluthi ya alicholipwa Mzungu wa cheo hicho hicho aliyetoka katika makoloni yale yale. Baba hakuhitaji hati. Alikuwepo dirishani siku ya kulipwa. Aprili 2021 tume yenu ya makaburi ya vita ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati wa Vita vya Kwanza, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wenu wa ulinzi wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Nilimsomea mama habari hiyo kwa Kiswahili barazani. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza: "Radhi wamemwomba nani?" Nikamwambia, waliokufa. Akanyamaza, akaendelea kumenya karanga. Baada ya kitambo akasema: "Na sisi tuliobaki tunapeleka karatasi."

Ombi langu ni hili. Acheni kuwaita wajane dirishani. Tumeni watu wawili wenye kamera na daftari, mmoja wao awe anajua Kiswahili, wazunguke kwenye nyumba. Waanzie Jinja, Walukuba na Mpumudde, waende Bombo, waende Gulu na Kitgum, wafike Arua. Katika nyumba hizo wataoneshwa mabati ya biskuti kama letu. Watakuta nusu ya kijitabu cha mshahara, mkanda, picha iliyoliwa pembe, namba iliyokaririwa na mjukuu ambaye hajui ni ya nini. Kipigwe picha kila kitu kabla mchwa hawajamaliza. Mjane aape mbele ya hakimu na wazee wawili wa mtaa waliomjua marehemu, na kiapo hicho kihesabiwe. Kisha ninyi, wenye barua zenye nembo na wenye mabalozi, ndio mwandike kwenda London mkaulize orodha za batalioni ya nne na za batalioni nyingine za Uganda. Mwanamke anayekaribia miaka tisini hawezi kutakiwa kuchunguza kumbukumbu za dola iliyokwisha ondoka. Inasemwa kwamba Waganda yapata 77,000 walitumika katika vita vile. Kutokana na hao wote, waliobaki na wake walio hai watakuwa wangapi? Kazi yenyewe si kubwa, na inapungua kila msiba.

Sidai mnara. Tarehe 9 Juni mnapowakumbuka mashujaa huwa nasimama kama wengine, na sina kinyongo na aliyetunukiwa. Nadai daftari. Hata lile la mistari la dukani linatosha, mradi ndani yake jina la baba liandikwe kwa wino na mtu wa serikali aliyekaa mbele ya mama.

Nyumba yetu si ngumu kuipata. Ulizeni kwa Mzee Keya, mtu yeyote wa Walukuba aliyezidi miaka arobaini atawaonyesha. Mama yupo kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo kaeni upande wa kulia. Mtapewa chai kabla ya mazungumzo na haikataliwi. Namba ya mzee ataisema mara moja tu na ataisema haraka, kalamu iwe tayari.

Ni mimi,
mtoto wa nne katika foleni,
Walukuba, Jinja.